Mwanafunzi wa uhandisi aanzie fiziolojia kwenye hesabu

Wanafunzi wengi wa uhandisi wakipangiwa somo la fiziolojia, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi, huliiga darasa la udaktari. Hununua daftari nene, huchora moyo kwa penseli za rangi na kukariri majina ya valvu nne, na mtihani ukishapita yote yameyeyuka. Mwenzao wa udaktari ana sababu ya kukariri, maana majina hayo atayatumia wodini. Mhandisi atakaa mbele ya kifaa, na kifaa huuliza kiasi gani, kwa kasi ipi, kwa presha ipi. Maoni yangu ni kwamba aanze kwa kupiga hesabu, halafu atafute kwa makusudi mahali hesabu yake inapogoma. Hapo inapogoma ndipo penye somo.

Tuchukue moyo. Ukipiga mara 70 kwa dakika na kila pigo likatoa mililita 70, unasukuma lita 4.9 kwa dakika. Presha ikiwa 120 kwa 80, wastani wake unaupata kwa kuchukua 80 na kuongeza theluthi ya tofauti, yaani milimita 93 za zebaki, sawa na kilopaskali 12.4. Zidisha presha hiyo kwa mtiririko ulioubadilisha kuwa mita za ujazo kwa sekunde, jibu ni takriban wati 1. Huo ni upande wa kushoto. Upande wa kulia unasukuma damu ile ile kwenda mapafuni kwa wastani wa milimita 15 hivi, kwa hiyo kazi yake ni kama sehemu ya sita. Sasa huhitaji kukariri kwamba ukuta wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia, hesabu imeshakwambia.

Kisha weka pampu hiyo kando ya ile unayoijua. Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa hutoka visima vya Mzakwe, yakasukumwa hadi kwenye matangi, yakatumika, basi. Pampu ya kisimani haina habari na maji yaliyokwisha kwenda. Moyo uko kwenye mzunguko uliofungwa: damu ikirudi nyingi, misuli yake inavutika zaidi, na ikivutika zaidi inabana kwa nguvu zaidi, kwa hiyo pigo linalofuata linatoa damu nyingi zaidi. Moyo unafanya hivyo hata kabla ya kupata amri yoyote kutoka kwenye neva. Anayechora moyo kama pampu ya kasi isiyobadilika ataupata mfano wa mtu aliyelala, na mtu huyo akisimama tu mfano umeharibika.

Mishipa nayo ina mtego wake. Kila mhandisi anajua kwamba kwenye bomba jembamba lenye mtiririko tulivu, mtiririko unafuata nusu kipenyo kilichopandishwa kwa kipeo cha nne. Mshipa ukipungua kipenyo kwa asilimia 10, unabaki na asilimia 66 tu ya mtiririko. Ukibaki nusu, unabaki na sehemu moja ya kumi na sita. Kanuni hii inaeleza vizuri sana jinsi mwili unavyogawa damu kwa kubana na kulegeza ateri ndogo, na ndiyo maana inapendwa kupita kiasi. Kanuni inadai kimiminika chenye mnato usiobadilika na bomba gumu. Damu si hivyo. Ndani ya mishipa yenye kipenyo chini ya mikroni 300 hivi, chembe nyekundu hukimbilia katikati, pembeni ikabaki plazima nyepesi, na mnato unaoonekana unashuka. Kwenye kapilari zenye mikroni 5 au 6, chembe ya mikroni 8 inajikunja ili ipite moja moja. Hapo hakuna tena kimiminika cha kukokotolea mnato, kuna msafara wa chembe.

Sehemu inayowahusu hasa walio hapa Dodoma ni mapafu. Mji uko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ni kama milimita 664 badala ya 760. Toa 47 za mvuke wa maji ndani ya njia ya hewa, zidisha kwa 0.21, ambayo ni sehemu ya oksijeni hewani, unapata oksijeni ya takriban milimita 130. Pwani ni 150. Ukiondoa mchango wa kaboni dioksidi, ambao ni presha yake ya 40 gawanya kwa 0.8, uwiano wa kaboni dioksidi inayotolewa na oksijeni inayotumika, kwenye vifuko vya mapafu inabaki 80 hivi, dhidi ya 100 pwani. Tofauti ni ya moja ya tano, lakini kipima oksijeni cha kidoleni kitamsomea mtu mzima mwenye afya asilimia 95 au 96, chini kidogo tu ya mwenzake wa Dar es Salaam. Sababu ni umbo la mchoro unaoonyesha hemoglobini ya damu inabeba oksijeni kiasi gani kwa kila presha: juu umelala, kisha unaporomoka. Kutoka milimita 100 hadi 60 unapoteza pointi chache tu, ukibaki na 90 hivi. Kutoka 60 hadi 40 unashuka hadi 75. Mgonjwa wa mapafu akiwa Dodoma yuko karibu zaidi na ukingo wa mteremko, ingawa namba kwenye skrini inampa sura ya utulivu.

Na kifaa chenyewe kina tatizo linalopaswa kufundishwa kwa sauti kubwa katika nchi hii. Kinapitisha mwanga mwekundu wa nanomita 660 na wa infraredi wa 940, kisha kinalinganisha unavyofyonzwa. Jedwali linalogeuza uwiano huo kuwa asilimia lilitokana na vipimo vya watu waliojitolea, wenye afya, na vifaa vingi huonyesha juu ya ukweli kwa wenye ngozi nyeusi, hasa oksijeni inapokuwa chini. Jambo hili linatuhusu sisi moja kwa moja, na mhandisi wa hapa ndiye anayepaswa kulibeba.

Kwa mazoezi, presha ya damu inatosha kuanzia. Mkanda wa mkononi usiofaa ndio unaoharibu vipimo vingi: mfuko wa hewa uwe na upana wa asilimia 40 ya mzunguko wa mkono na urefu wa 80, maana mdogo husoma juu. Mpimwaji akae dakika 5, mkono ukiwa usawa wa moyo. Ukishuka sentimita 10 chini ya moyo unaongeza karibu milimita 8, na hilo ni uzito wa damu tu, unaweza kulikokotoa mwenyewe. Achia hewa kwa milimita 2 hadi 3 kila sekunde; ukiharakisha, mapigo yanapita kabla hujayasikia.

Umeme wa moyo ufuate baadaye, na kwa betri peke yake. Usimuunganishe mtu na kompyuta mpakato iliyochomekwa ukutani. Ishara ina milivolti 1 hivi, ilhali elektrodi, vibandiko vinavyopokea umeme kwenye ngozi, zinaweza kuwa na tofauti yao ya hadi 300. Ukikuza mara 1,000 kwa mkupuo mmoja, amplifaya inagota na hutaona kitu. Jeli ikikauka kwenye hewa kavu ya hapa, mstari utayumba na mngurumo wa hezi 50 utaingia. Safisha ngozi, isugue kidogo kwa pamba, badilisha elektrodi.

Halafu mwanafunzi huweka kichujio kinachokata chini ya hezi 0.5 ili mstari utulie. Kwa kufuatilia mapigo tu, sawa. Kwa kusoma ugonjwa, mkato unaotumika ni hezi 0.05, kwa sababu kichujio cha 0.5 kinaweza kupotosha kipande cha ST, sehemu ya mstari kati ya mawimbi yanayoitwa S na T, kile ambacho daktari hukiangalia akishuku moyo umekosa damu. Kwa hiyo kabla hujachagua kichujio, jifunze kwanza kipande hicho kinatoka wapi ndani ya moyo na kinachukua muda gani.