Msinihurumie, Niko Peke Yangu kwa Raha Zangu

Nimepandishwa cheo kazini. Pongezi zikamiminika kwenye simu, na nyingi zikaja na mkia: "Sasa bado mwenza tu." "Mungu akukamilishie furaha." Akukamilishie! Kumbe miaka yote hii natembea nikiwa nusu na hakuna aliyenistua. Binamu yangu mmoja aliniandikia dua ndefu ya kuniombea mume, halafu mwishoni kabisa, kama vile amekumbushwa, akaongeza: hongera ya kazi.

Sijaolewa, sitafuti, naishi peke yangu. Sijaumizwa na mtu. Najua mtasema lazima nimeumizwa.

Raha ndogondogo sizihesabu: kitabu nakiacha kitandani na nakikuta kitandani, nikitaka kupanga upya kabati usiku wa manane napanga, na pesa yangu ikipotea hovyo mhusika anajulikana bila uchunguzi. Hizo mnazijua. Hata walioolewa wanazijua, ndiyo maana wengine hukaa garini dakika kumi kabla ya kuingia ndani.

Linalonichosha ni lile rungu lenu la mwisho: "Na uzeeni nani atakuangalia?"

Haya, tupige hesabu. Ndoa nzuri kuliko zote, ile ya kudumu mpaka kifo, inaisha vipi? Mmoja anatangulia, mwingine anabaki. Na karibu kila nchi duniani wanawake huishi muda mrefu kuliko wanaume, na bado mara nyingi mume ndiye mkubwa kwa umri. Kwa hiyo huyo mke mnayeniambia nimuige ana kila dalili ya kumalizia miaka yake akiwa peke yake, kama mimi. Tofauti ni kwamba mimi nitafika huko nikiwa mzoefu. Nilikuwa na jirani aliyefiwa na mumewe baada ya ndoa ndefu. Hakujua bili zinalipwaje, lakini hayo hufundishika. Kilichomvunja ni marafiki. Wote walikuwa marafiki wa "wao wawili", na alipobaki mmoja wakaacha kumwita. Mtu mmoja alikuwa ndiye rafiki yake, mshauri wake, dereva wake na mhasibu wake, na wote wakazikwa siku moja.

Anayeishi peke yake hawezi kujiachia hivyo. Ana dada anayempigia, rafiki wa tangu shule, jirani mwenye ufunguo wake wa akiba, mtu wa kumpeleka hospitali na mwingine wa kucheka naye. Si maneno yangu tu. Mwaka 2016 watafiti Natalia Sarkisian na Naomi Gerstel walichapisha utafiti wao kuhusu Marekani: wasio na ndoa ndio wanaowasiliana zaidi na wazazi, ndugu, majirani na marafiki, na ndio wanaosaidiana nao zaidi. Mnaotuita wapweke, hebu niambieni, mara ya mwisho mmempigia simu mdogo wenu lini bila kuwa na shida?

Tena kukaa na nafsi yako ni ujuzi, na wengi hawana. Kuna jaribio lililotangazwa mwaka 2014 kutoka Chuo Kikuu cha Virginia. Watu waliachwa chumbani dakika 15 na mawazo yao tu, pamoja na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme, shoti ambayo awali walisema wangekuwa tayari kulipa ili waikwepe. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga, na wanawake 6 kati ya 24. Robo saa tu! Afadhali umeme kuliko mimi na mimi. Halafu hao ndio wanaokuja kunipa pole.

Sawa, kuna namba ninayorushiwa usoni, na si ya kupuuza. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 na mtafiti Julianne Holt-Lunstad na wenzake ulihusisha kuishi peke yako na ongezeko la asilimia 32 la uwezekano wa kufa mapema. Nimeisoma, sikuipenda. Ila kundi la "wanaoishi peke yao" lina waliofiwa, waliotelekezwa na waliokosa pa kwenda, pamoja na sisi tuliochagua. Na uchambuzi huohuo ulipima pia kuhisi upweke, ukakuta nako ni hatari, kwa asilimia 26. Upweke huo hauulizi kama kitanda kina watu wawili. Na ndiyo, usiku wa homa natamani mtu wa kunipa maji. Kodi ya nyumba nayo ingegawanywa, ningeshukuru.

Lakini siolewi kwa ajili ya glasi ya maji.

Ninaye rafiki aliyeolewa kwa sababu alichoka kuulizwa. Alinitamkia hivyo mwenyewe, wiki chache kabla ya harusi, na mimi nikadhani anatania. Sasa hivi analala chumba cha watoto. Shangazi zake waliokuwa wakimuuliza "lini?" kila wakikutana naye hawajamuuliza hata siku moja anaendeleaje, wameshahamia kwa mdogo wake.