Iraki Walinijua, Mtwapa Hawanijui

Hebu niulize na mwenye jibu anipe. Kuna serikali gani duniani inayoweza kukupata katikati ya jangwa la Iraki saa tisa usiku, ikakuamsha, ikakupa bunduki, ikakuhesabu kila asubuhi kama mbuzi wa mahari, halafu siku umestaafu umerudi kwenu Mtwapa umejenga umetulia inakwambia eti thibitisha kwamba wewe ni wewe?

Mimi nilienda Marekani kwa ile bahati nasibu ya grinkadi, nikaingia jeshini, nikaapishwa uraia nikiwa na buti miguuni, na jeshi lao ukitimiza miaka 20 wanakulipa pensheni kila mwezi mpaka ufukiwe. Hapo sina ugomvi, pesa inaingia. Ugomvi ni kuiona hiyo pensheni kwenye mtandao. Karatasi ya malipo, fomu ya kodi ya 1099-R, ukitaka kubadilisha benki, bima ya matibabu, kila kitu siku hizi kiko nyuma ya geti, na aliyelijenga hilo geti hajawahi kuwaza hata siku moja kwamba mstaafu anaweza kuhama Texas.

Unapoaga jeshi wanakunyang'anya ile kadi yenye chipu, ile inayofungua kompyuta zao zote, wanakupa ya mstaafu ambayo mtandaoni haifungui hata dirisha. Kazi yake ni kukuingiza kambini na kwenye maduka yao ya bei nafuu, na kambi ya Wamarekani iliyo jirani yangu mimi ni ile ya Manda Bay kule Lamu, sasa nipande basi mpaka Lamu nikaulizie bei ya sabuni?

Zamani tulikuwa na DS Logon, akaunti ya kuingilia tovuti za jeshi na maveterani, jina na paswadi, umeingia. Ikaanza kufutwa. VA, ile idara ya maveterani, waliacha kuipokea kwenye tovuti yao 30 Septemba 2025, na ile ya kuingilia kwa My HealtheVet, tovuti yao ya matibabu, ilikuwa ishatangulia Machi mwaka huohuo, sasa ni Login.gov au ID.me, akaunti zinazotaka kwanza uthibitishe wewe ni nani, na wizara ya ulinzi nayo imekuja na yake inaitwa myAuth. Usalama, wanasema. Sawa, wezi wa pensheni wapo na wanajua kazi yao kuliko sisi, sikatai. Lakini mwizi huyo si ana simu ya Marekani na anwani ya Marekani? Mwenye mali ndiye hana!

Manake mlango wa kwanza niliogonga, sitautaja, unataka namba ya simu ya Marekani yenye jina lako kwenye bili, zile namba za kununua mtandaoni inazinusa inazitema. Laini yangu ya zamani anayo binti yangu Dallas. Kwa hiyo mimi nikishakunywa chai yangu saa nne asubuhi nikakaa kwenye kompyuta, tarakimu sita zinatumwa Dallas, ambako ni saa nane usiku, na uhai wake ni dakika kumi tu.

"Baba, kwani huko hakuna saa?"

"Nisomee tu mwanangu, sita hizo."

"Nne, moja, moja... baba simu imejifunga, ngoja."

Nikangoja mpaka zikafa. Tukaomba nyingine, akawa ashalala.

Basi nikamwita Salim, mtoto wa kaka yangu, ndiye fundi wa ukoo mzima kwa sababu aliwahi kurekebisha dikoda. Tupige picha leseni ya Texas, maelekezo yanasema iweke juu ya kitu cheusi pasiwe na mng'ao. Jua la Mtwapa lisiwe na mng'ao! Tukafunga madirisha, tukatandika buibui la mke wangu mama Faiza mezani, Salim kapanda kiti, jasho linamdondokea leseni, picha ikakataliwa kwamba ina ukungu. Tukaifuta tukapiga tena ikapita. Sasa selfi.

"Ami, usikunje uso."

"Sijakunja, ndivyo ulivyo."

Eti sura hailingani na leseni. Ilingane vipi, leseni ina kijana mwenye nywele! Tukiwa hapo stima ikapotea, na bando ya Salim ikaisha kwa heshima zote.

Halafu yale maswali ya historia. Kati ya mitaa hii uliishi upi, mkopo wa gari ulikuwa benki gani. Wanachimba kwenye rekodi za mikopo, na mtu uliyehama miaka na huna deni la mtu kule unaonekana mzimu, yaani ningekuwa nadaiwa ningejulikana haraka. Na hapo ndipo nilipocheka peke yangu. Kambi niliyokaa, Fort Hood pale Killeen, 2023 ikabadilishwa jina ikawa Fort Cavazos, 2025 ikarudishwa Fort Hood, ila safari hii ni jina la mwanajeshi Hood mwingine kabisa, si yule wa kwanza. Kambi nzima yenye vifaru imegeuza jina mara mbili na hakuna aliyeiambia ipige selfi. Mimi kipara tu kimeniponza.

Nafuu yangu moja ni kwamba nimeandikishwa kuzaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza, kama nusu ya wazee wa huku, kwa hiyo Wamarekani wakitanguliza mwezi na sisi tukitanguliza siku, hapo hatukosani.

Ukishindwa na simu wanakwambia tutakutumia barua yenye namba, kwa anwani ya Marekani bila shaka, ama uende mwenyewe posta iliyo karibu nawe. Wanataka ZIP, yaani posta kodi yao, wakutafutie. Salim bila kuuliza akaandika 80100, posta kodi ya Mombasa, tarakimu tano kama zao, na kule zinazoanza na 801 ni za upande wa Denver, Colorado. Akanigeukia ana furaha: "Ami, zipo!" Nikamwambia shika ufunguo wa pikipiki basi twende, tukifika Mariakani tutaulizia njia.

Kastama kea? Namba zao za bure za 1-800 ukipiga kutoka huku mara nyingi hata haziiti. Kuna tovuti nyingine ukiifungua kutoka Kenya inakufungia palepale bila salamu, ukiweka VPN ujifanye uko Texas inakwambia wewe unatumia VPN, unaficha nini? Naficha Mtwapa! Ila kodi, asikwambie mtu, kodi hainipotezi. Raia wao popote ulipo unatakiwa ujaze, tuliopo ng'ambo wametuongeza muda mpaka 15 Juni, na sijawahi kusikia mtu akikataliwa kulipa kwa sababu sura hailingani.

Mlango wa pili ndio ulinipokea, kwa pasipoti na vidio koli na mtu mzima mwenye macho. Bi mdogo mpole, akaniambia inua pasipoti, geuka, rudi, nyuma yangu jogoo wa jirani anawika kama kalipwa, akanishukuru kwa kulitumikia taifa, kazi kwisha. Laiti ningeanzia hapo. Na mwenzangu uliye ng'ambo, habari ya meseji achana nayo, weka ile programu inayotengeneza tarakimu ndani ya simu yenyewe, haihitaji laini wala mtandao, hata simu iwe kwenye hali ya ndege inatoa. Na zile namba za akiba, za kuingilia simu ikipotea, ziandike kwenye karatasi. Zangu zimo kwenye kasha la mama Faiza pamoja na hati ya kiwanja, na ufunguo anao yeye kifuani, huo ndio ulinzi wa hatua mbili, haudukuliwi.

Tatizo ni kwamba sasa nikitaka kuingia lazima naye awepo. Jana kasimama nyuma yangu karatasi ya malipo ikafunguka, jicho likaenda kwenye makato.

"Hii SBP ya kila mwezi unampelekea nani?"

Nikamweleza taratibu, ni akiba ya mjane, nakatwa asilimia 6.5, nikifa wewe unalipwa asilimia 55 ya pensheni maisha yako yote.

Akafikiri. Akaiangalia kompyuta, akamwangalia Salim.

"Na siku hiyo hizo tarakimu sita zitakuja kwa simu ya nani?"

Salim alikuwa ashafika mlangoni, viatu mkononi. Rudi hapa wewe!