Mto ukila tuta la reli, nani alipe?

Kati ya Kilosa na Gulwe, reli ya kati inafuatana na mto Mkondoa. Mvua zikizidi, mto hula tuta, mataruma hubaki yananing'inia, na mzigo wa Kigoma na Mwanza hukwama. Hapo ndipo ningependa mjadala wa reli zetu Tanzania uanzie. Badala yake tunabishana kila mara kama reli ipewe mwekezaji au ibaki serikalini.

Wanaomtaka mwekezaji wana hoja. TAZARA, reli ya serikali za Tanzania na Zambia, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa mwaka 1976 ikiwa imejengwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Haijawahi kuzifikia. Vichwa vya treni viliegeshwa kwa kukosa vipuri, na uamuzi mzito ulingoja serikali mbili zikubaliane.

Lakini mwekezaji naye tumemwona. Mwaka 2007 kampuni ya RITES ya India ilichukua asilimia 51 ya hisa za kampuni ya kuendesha reli ya kati kwa mkataba wa miaka 25, na ndani ya miaka minne ukavunjika. Jirani zetu Kenya na Uganda waliikabidhi reli yao kwa Rift Valley Railways mwaka 2006, nayo kwa miaka 25. Mwaka 2017 mambo yakaisha.

Kwa maoni yangu, serikali na mwekezaji wote walishindwa na kitu kilekile: njia yenyewe. Mwenye treni anatarajiwa kutunza tuta, madaraja na mataruma kwa nauli na ada ya mizigo. Mwenye lori anaingia kwenye lami iliyojengwa na taifa zima. Atasema analipa tozo ya mafuta inayokwenda Mfuko wa Barabara, na ni kweli. Ila tozo hiyo hiyo anailipa wa bodaboda, ambaye haiumizi lami. Kanuni inayotumiwa na wahandisi wa barabara ni kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, madhara yanafika takriban mara 16.

Lori lina sifa zake, tusizipuuze. Linafika mlangoni kwa mteja. Treni zetu zina geji tatu, yaani upana kati ya vyuma viwili vya reli: reli ya kati milimita 1,000, TAZARA 1,067, na SGR, reli mpya ya kisasa, 1,435. Behewa haliwezi kuhama kutoka moja kwenda nyingine, kwa hiyo mzigo unashushwa na kupakiwa upya, na kila upakiaji ni siku na fedha. SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyozinduliwa 2024, imewafurahisha abiria, nami ni mmoja wao. Lakini deni la reli ya namna hii hulipika kwa shehena.

Ningechagua hivi: njia ihesabiwe kama barabara, itunzwe kwa fedha za umma zilizotengwa kisheria zisiguswe kwa jambo jingine, na treni ziendeshwe na yeyote mwenye uwezo, akilipia matumizi ya njia. Hatari ipo, ruzuku isiyokaguliwa huzaa uzembe, kwa hiyo hesabu zake ziwekwe wazi kila mwaka. Hata hivyo, Mkondoa ukifurika, kokoto na mafundi viwe tayari Kilosa, bila kungoja kwanza mwendesha treni apate faida.