Lugha pekee haitoshi
Makala ninayoijibu hapa inadai kwamba mtaalamu mhamiaji akishaimudu lugha ya nchi aliyohamia, mengine ya kazini atayazoea mwenyewe. Dai hilo silikubali, kwani nimefanya kazi na wauguzi waliofaulu mtihani wa lugha kwa alama nzuri, lakini wakawa kimya kila zamu ilipokabidhiwa, kwa sababu taarifa za wagonjwa husomwa haraka, kwa vifupisho ambavyo hakuna darasa linalovifundisha, na anayeuliza mara mbili huonekana hajui kazi. Ujerumani, kwa mfano, tangu mwaka 2012 ina sheria inayompa mtu haki ya kuomba vyeti vyake vya nje vitathminiwe, na hilo ni jambo jema sana. Ila cheti kikishatambuliwa, bado anaweza kuwapo msimamizi anayemwachia muuguzi wa miaka mingi kazi ya kutandika vitanda tu. Tulichokiona kikisaidia ni mgeni kupangiwa zamu moja na mwenyeji mzoefu, tena kwa saa zinazolipwa, si kwa hisani. Je, wenzangu mlio viwandani au kwenye uhandisi, kwenu mgeni hupewa mtu wa kumwelekeza, au huachwa ajitafutie njia?