Sukari imeshuka, moyo je?

Kliniki nyingi za kisukari ninazozijua zinaendeshwa kwa namba moja: sukari ya asubuhi kabla ya kula. Ikisoma 6 au 7 (milimoli kwa lita), mgonjwa anapongezwa, anapewa dawa za mwezi na tarehe ya kurudi. Utaratibu huu unawaumiza watu. Moyo wa mwenye kisukari unaweza kuanza kuchoka mapema sana, kabla hajaanza kuhema akipanda ngazi, na sukari nzuri ya asubuhi moja haituambii lolote kuhusu hilo.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1974 utafiti wa Framingham, Marekani, ulionyesha kwamba wanaume wenye kisukari walipata tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi zaidi ya mara mbili ya wenzao, na wanawake mara tano. Hata presha, umri, uzito na lehemu vilipozingatiwa, tofauti ilibaki.

Kiini kimojawapo ni usugu wa insulini. Mwili ukiacha kuitikia insulini, kongosho hutoa nyingi zaidi, na insulini ikizidi figo hubakiza chumvi na maji. Msuli wa moyo nao hushindwa kutumia sukari vizuri, ukategemea mno mafuta, ambayo hudai oksijeni nyingi zaidi kwa kazi ileile. Taratibu msuli unakakamaa. Mara nyingi kinachoharibika kwanza ni uwezo wa moyo kulegea na kujaa damu, wakati nguvu yake ya kusukuma bado ipo. Ndiyo maana mtu anaweza kupigwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, akaambiwa moyo unasukuma kwa asilimia 60, akarudi nyumbani ametulia huku miguu inavimba.

Dalili za usugu huo mara nyingi tunazo tayari kwenye karatasi za maabara. Kuna kipimo kiitwacho TyG: unazidisha triglisaridi (aina ya mafuta yaliyo kwenye damu) na sukari ya kufunga, zote kwa miligramu kwa desilita, unagawa kwa 2, kisha unabonyeza ln (logi asilia) kwenye kikokotoo cha simu. Sukari ya 90 na triglisaridi 89 hutoa karibu 8.3. Sukari ya 144 na triglisaridi 204 hutoa 9.6. Tafiti kadhaa zimeihusisha namba kubwa na hatari zaidi ya moyo kushindwa. Sisemi iwe hukumu: hakuna kiwango kimoja kilichokubaliwa na wote, na kwa anayetumia dawa inapanda na kushuka pamoja na sukari yake. Lakini haihitaji kipimo cha insulini, ambacho hata hivyo kinapotosha kwa anayejichoma insulini. Ongeza kiuno, kinachopimika kwa tepu ya fundi cherehani, na tayari unajua nani asisubiri.

Asisubiri nini? Kipimo cha damu cha NT-proBNP, kemikali inayoongezeka moyo unapoelemewa. Mwaka 2022 Chama cha Kisukari cha Marekani kilishauri wenye kisukari wapimwe hiki, au ndugu yake BNP, angalau mara moja kwa mwaka, hata wasio na dalili. NT-proBNP ikifika 125 (pikogramu kwa mililita) au zaidi, moyo uchunguzwe. Kwa wanene hushuka, kwa hiyo kisomwe kwa uangalifu. Kwetu gharama ni kikwazo cha kweli, na hapo ndipo namba za bei nafuu zinaposaidia kuchagua wa kutangulizwa.

Maswali nayo hayana bei. Shangazi yangu alikuwa anavaa kandambili kila jioni kwa sababu viatu vilimbana, na usiku alilalia mito mitatu, maana akilala chali pumzi ilimbana. Nyumbani tulisema ni umri. Kliniki hakuulizwa, naye hakudhani miguu inahusiana na sukari.

Kujua hali ya moyo kunabadilisha hata dawa. Pioglitazone, dawa ya kisukari, hupunguza usugu wa insulini vizuri kabisa, lakini hubakiza maji mwilini na inaweza kuuelemea moyo ulioanza kushindwa. Kwa upande mwingine, empagliflozin, nayo dawa ya kisukari, katika utafiti uliotolewa mwaka 2015 kwa wenye kisukari na maradhi ya moyo na mishipa, ilipunguza kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kwa asilimia 35. Daktari atachaguaje kati ya hizi kama kadi ya mgonjwa ina safu ya sukari peke yake?

Ninachotaka ni safu nne zaidi kwenye kadi hiyo: kiuno, triglisaridi, uvimbe wa miguu, idadi ya mito. Muuguzi anayepima presha anaweza kujaza tatu kati ya hizo kabla mgonjwa hajaingia kwa daktari.