Daraja la usalama lisipangwe kwa bei

Mafundi zege wa Dodoma wanazijua biskuti: vile vipande vidogo vya zege vinavyoinua nondo zisilale juu ya ubao. Bei yake ni ya kutupa, ndiyo maana hakuna anayezikagua wala kuzipa daraja la usalama, yaani kiwango cha ukali wa ukaguzi ambacho kila kitu hupangiwa. Nimewahi kusimamia jengo ambalo nondo na saruji zilikaguliwa mara tatu, lakini biskuti ziliisha na kibarua akaweka vipande vya mbao. Baada ya misimu kadhaa ya mvua unyevu ukapitia kwenye mbao hizo ukazifikia nondo, kutu ikazivimbisha, zege likapasuka. Bado naumia nikilikumbuka.

Ndiyo maana mkasa wa WIPP, hifadhi ya taka za nyuklia iliyochimbwa kwenye chumvi huko New Mexico, Marekani, hauniondoki. Iko mita 655 chini ya ardhi. Februari 2014 pipa moja lilifumuka humo na mionzi ikavuja hadi juu. Chanzo hakikuwa mwamba wala lifti. Huko Los Alamos, pipa lilikofungashwa, unga wa kunyonya majimaji, wa aina ile wanayotandikiwa paka, ulibadilishwa: badala ya udongo ukatumika wa ngano. Ngano ikakutana na chumvi za naitreti zilizokuwa ndani ya taka, joto likapanda. Kupokea taka kulisimama zaidi ya miaka mitatu.

Unga wa paka! Nani angeupa daraja la usalama?

Mimi nasema ulipaswa kupewa. Kupanga madaraja ni kuuliza kitu kikishindwa nani ataumia, na lini. Wabunifu wa Yucca Mountain, hifadhi ya taka za nyuklia iliyopangwa kujengwa Nevada, Marekani, waliligawa swali hilo mara mbili: vitu vinavyolinda watu wakati kazi inaendelea, na vitu vinavyozuia taka isitoke baada ya mahandaki kufungwa. Hilo la pili ndilo gumu, kwa sababu mkaguzi hatakuwepo. Kule Onkalo, hifadhi ya taka za nyuklia ya Ufini, bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa, uliopangwa kuzunguka makasha ya shaba yenye taka, huhesabiwa kuwa kinga mojawapo, si kijazio tu.

Sisemi kila msumari upewe daraja la juu. Ukifanya hivyo mkaguzi atachoka na kusaini bila kutazama. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Ninachodai ni kwamba anayetaka kubadilisha kitu, hata kiwe cha shilingi mia, arudi kwanza kwa aliyekipangia daraja na amwandikie sababu.

Wenzangu huniambia haya ni ya nchi tajiri. Lakini urani imetafutwa hapa hapa Bahi na Manyoni, na taka za mionzi za hospitali na viwanda vyetu tayari zinatunzwa Arusha. Siku mgodi ukifunguliwa Bahi, mabaki yake yatahitaji bwawa, na bwawa huwa na tabaka la kuzuia maji yasinywee ardhini. Nataka kujua leo tabaka hilo litapewa daraja gani, na nani atasimama pale likitandazwa.