Kaburi la askari lisitegemee uwezo wa watoto wake

Kaboya, wilayani Muleba, wamelala askari wetu waliokufa katika Vita vya Kagera, na kila Julai 25 taifa huwakumbuka mashujaa. Lakini askari aliyerudi mzima, akastaafu na kufa uzeeni, kwa kawaida huzikwa kwao, kwenye shamba la ukoo. Kaburi lake hutunzwa na watoto, kama wapo na kama wanajiweza. Katika hilo Marekani wametuzidi.

Huku Marekani, askari mstaafu hupata kaburi la taifa hata kama hakufia vitani, na huduma haikuishia mijini. Makaburi ya Yellowstone, pale Laurel, Montana, yaliwekwa wakfu 2014 kwa ajili ya watu wa vijijini waliokuwa mbali na makaburi mengine ya taifa. Serikali hulipia eneo, kuchimba na kufukia, jiwe, bendera na matunzo ya siku zote. Jiwe la marumaru la kusimama lina urefu wa sentimita 107, upana 33, unene 10, na uzito wa kilo 104 hivi. Udongo ukititia, jiwe huinama. Wafanyakazi huliinua na kulinyoosha lilingane na safu. Mke au mume huzikwa kaburi hilohilo.

Jeneza, kuandaa maiti na usafiri ni juu ya familia. Wengi hudhani vyote ni bure.

Kinachokwamisha mazishi hasa ni karatasi. Fomu DD 214 ndiyo huonyesha muda wa utumishi na namna mtu alivyoachana na jeshi. Aliyefukuzwa kwa aibu hana haki hiyo. Moto wa 1973 kwenye hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18, kwa hiyo nakala ya nyumbani ni mali. Mwenye kijana jeshini huku amwambie aitunze, na akishamaliza utumishi ajaze fomu 40-10007 angali hai, ili haki yake ithibitishwe mapema. Hata hivyo, mahali pa kulala hachagui: atapangiwa siku ya mazishi, kati ya watu asiowajua.

Hilo silitamani kwetu. Mzee alale na wazazi wake, achimbiwe kaburi na majirani. Ila kila wilaya iwe na daftari la makaburi ya askari wastaafu, na fungu dogo la kufyeka na kunyoosha mawe hata pale ambapo watoto wamehama.